Wanaimba Hijai, Herufi Hawaijui

  

Ndugu Waislamu, hivi karibuni tulizuru madrasa moja iliyo jirani na machimbo ya wachimbaji wadogo, upande wa Geita. Watoto wapatao arobaini walitusomea hijai kwa sauti moja, kuanzia alif mpaka ya, kisha wakatusomea sura fupi za Juzuu Amma. Wazee waliohudhuria walifurahi, na takbira zikasikika. Sisi tukaomba chaki, tukaandika ubaoni herufi moja tu: jim. Kimya kikatanda. Hatimaye mtoto mmoja wa miaka saba hivi akaanza kuhesabu kwa vidole: alif, ba, ta, tha, jim. Alipofika hapo akasita, akatutazama usoni apate kujua kama amepatia. Tulipoiandika jim ile ile katikati ya neno, hata yeye hakuitambua.

Mtoto yule hana kosa. Alifundishwa wimbo, akaujua wimbo.

Wapo watakaotujibu: "Mbona sisi tulisomeshwa hivyo hivyo na tukafika?" Tunawaambia kwa heshima zote: mmefika nyinyi. Je, wale mlioanza nao wako wapi? Nendeni kwenye maduara ya dhahabu, nendeni kwenye mialo inakosafishwa, mtawakuta vijana wa Kiislamu waliokaa chuoni miaka minne au mitano. Mpe mmoja wao msahafu: ataupokea kwa mikono miwili, ataubusu, na hatoweza kusoma mstari asiouhifadhi. Hao hatuwahesabu tunapojisifu kwamba njia yetu imefaulu.

Tatizo lenyewe ni jepesi kulieleza. Jina la herufi ni kitu kimoja na sauti yake ni kitu kingine. Zipo sura 29 katika Qur'an zinazoanza kwa herufi za mkato, kama Alif Lam Mim, na hapo msomaji hutamka majina ya herufi. Kwingineko kote husomwa sauti. Basi mtoto tuliyemkaririsha majina peke yake anaweza kuufungua mlango wa Suratul Baqara, lakini neno linalofuata tu linamshinda. Tunaikumbuka hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.) aliyoipokea Tirmidhi, kwamba kila herufi ya Kitabu cha Allah ina thawabu yake, na kwamba alif huhesabiwa peke yake, lam peke yake na mim peke yake. Mtume (s.a.w.) alizihesabu moja moja, sisi tunazimwaga kwa mkupuo kama mtama kutoka guniani.

Na sauti yenyewe inadai kazi zaidi kwetu watu wa bara. Mtoto wa Ushirombo au wa Kahama anayelelewa kwa Kisukuma anasikia kila siku neno "zahabu," na watu wazima wanaomzunguka wanasema hivyo hivyo. Mwalimu asipomwonyesha ncha ya ulimi ikigusa ncha za meno ya juu, ataingia na zay hiyo kwenye kila neno lenye dhal. Tusidhani hili ni jambo la mapambo. Qalb kwa qaf ni moyo, na kalb kwa kaf ni mbwa. Aliim kwa ayn ni Mjuzi, miongoni mwa majina ya Allah. Aliim kwa hamza ni chenye kuumiza, na ndiyo sifa ya adhabu. Mwenye kujitahidi huku ulimi ukimlemea ameahidiwa ujira mara mbili, hilo ni sahihi, lakini ahadi hiyo ni ya mwenye kujitahidi. Haikuwekwa iwe kinga ya mwalimu mvivu.

Kisha kuna wenzetu wanaoona kadi za herufi, sinia la mchanga na michezo ya sauti kuwa ni uzushi ulioletwa na shule za chekechea. Tunawauliza: nukta zilitoka wapi? Msahafu wa Uthman (r.a.) uliandikwa bila nukta na bila irabu. Wanahistoria wanatusimulia kwamba Abul Aswad ad-Du'ali, aliyefariki mwaka 69 Hijria, aliweka alama za irabu baada ya makosa ya usomaji kuenea. Kisha Nasr bin Asim na Yahya bin Ya'mar wakazipambanua kwa nukta herufi zinazofanana. Na katika karne ya pili al-Khalil bin Ahmad akatuachia maumbo ya fat-ha, kasra na dhumma. Hawakuongeza neno katika Qur'an. Walimsaidia msomaji aitambue herufi. Anayeharamisha sinia la mchanga na azifute kwanza nukta za msahafu wake.

Mwaka 2015 Serikali ilileta mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojengwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu, na ndani yake sauti za herufi zikapewa nafasi ya mwanzo. Kwa hiyo mtoto wetu asubuhi anafundishwa kwamba herufi ni sauti, na alasiri anakuja kwetu kufundishwa kwamba herufi ni wimbo na fimbo. Tusishangae akiipenda asubuhi.

Nasi wanaharakati wa islahi tusijitoe lawamani. Miaka mingapi tumebishana juu ya qunuti na kuandama kwa mwezi, huku pembeni ya msikiti mtoto hatofautishi ta na tha? Jamaa wanachangia mnara, na maalim analipwa kwa sarafu za Alhamisi, anawasomesha sitini chini ya mwembe kwa ubao uliopasuka. Mtu huyo akikimbilia kuimbisha, tumemsukuma sisi.

Inawezekana kufanya vingine, na wala hakuhitaji fedha nyingi. Herufi ni 28. Mwalimu akifundisha mbili kwa wiki, atazimaliza kwa wiki 14. Aanze na zile ambazo mtoto huona midomo inavyozitoa, ba na mim. Asiziweke ba, ta na tha siku moja, maana zinafanana umbo na zitamchanganya. Kila herufi itamkwe kwa fat-ha, iandikwe mchangani kwa kidole, ionekane ikiwa peke yake, mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno. Ya tatu isiingie mpaka mbili za mwanzo zijulikane hata zikivurugwa.

Ijumaa hii, kila mzazi akirudi kutoka msikitini amwandikie mwanawe herufi tano bila mpangilio, amuulize moja moja. Akishindwa, asimpige. Aende kwa maalim pamoja na wazazi wenzake, wakiwa na ubao mpya na chaki, wamuulize anahitaji nini kingine.