Mashudu yasiishie kuvuka mpaka

Viwanda vya chakula cha mifugo vya Kenya vimezoea kununua mashudu ya alizeti Tanzania, na Horohoro, wilayani Mkinga, ni mmoja wa milango ya kwenda Kenya. Mfugaji wa hapo ana sababu ya kuyatazama kabla hayajavuka.

Kuku wa mayai huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hadi 18. Mahindi hutoa 8 au 9 tu. Mashudu huziba pengo hilo, ila yale ya mashine ndogo za Singida na Dodoma mara nyingi hukamuliwa pamoja na maganda. Kuku hujaza firigisi nyuzinyuzi, na mayai hupungua. Anayeyarundika kwa kufuata bei anajipunja mwenyewe.

Tena alizeti ina methionini nzuri lakini lisini kidogo. Hapo ndipo dagaa wanapookoa, na pwani hawako mbali. Soya nayo inafaa ikikaangwa au kuchemshwa; ikiwa mbichi huzuia umeng'enyaji wa protini, kero ambayo alizeti haina.

Jambo jingine la kutosahau ni unyevu wa pwani. Wakati wa masika gunia lililowekwa sakafuni huota ukungu, nao huweza kuleta sumukuvu. Mafuta yaliyobaki kwenye mashudu nayo huchacha. Chaga za mbao si anasa.

Na kiini cha yai kikiwa cheupe? Alizeti haikipi rangi, wala mahindi meupe. Fungu la mchicha kila siku hukirudishia unjano.