Bastola Kuukuu za Chuma: Bei Nafuu, Gharama Kubwa

Waswahili husema kwamba ya kale ni dhahabu. Nchini Marekani, msemo huu unazisadifu bastola zenye fremu ya chuma au aluminiamu, ambazo wanunuzi wengi bado wanazitafuta, ingawa viwanda vimekwisha kuhamia kwenye plastiki ngumu. Mageuzi hayo yalishika kasi baada ya jeshi la Austria kuichagua Glock mwaka 1982. Idara nyingi za polisi za Marekani zikafuata mkondo huo, na bastola zao za awali zikarejea sokoni kwa bei nafuu.

Mvuto wake unaeleweka. Uzito wa chuma hupunguza mshtuko mkononi, na hivyo mlengaji hutulia. Fremu iliyotunzwa vema hudumu kwa miongo mingi. Wapo pia wanaothamini historia: tangu mwaka 2018, raia wa Marekani waliotimiza masharti wameweza kununua bastola za M1911 zilizowahi kutumiwa na jeshi lao. Hatuna sababu ya kuzibeza hoja hizi.

Hata hivyo, sifa ile ile inayosifiwa ndiyo inayotutia wasiwasi. Chombo kisichochakaa huishi kuliko nia ya aliyekinunua kwanza. Idara za polisi hukabidhi silaha zao za zamani kwa wauzaji ili zipunguziwe bei ya mpya. Uchunguzi wa waandishi wa habari uliotolewa mwaka 2024 ulionesha kwamba, tangu mwaka 2006, silaha zaidi ya 52,000 zilizokuwa mali ya polisi zimepatikana katika matukio yanayohusishwa na uhalifu. Silaha iliyonunuliwa kwa kodi ya wananchi ili iwalinde yaweza kuwarudia kama tishio.

Tena, hatari haiko mitaani tu. Mwaka 2021, watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa risasi nchini humo, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Bastola iliyofichwa kabatini bila kufuli humngojea yeyote atakayepatwa na saa ya giza, awe baba aliyekata tamaa au kijana wake.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatambua haki ya kujilinda, na kwa mwenye dhamana ya uhai wa wengine huiita wajibu mzito. Lakini inafundisha pia kwamba biashara ya silaha inagusa mafao ya wote, hivyo serikali ina haki na wajibu wa kuiratibu. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, alipolihutubia Bunge la Marekani Septemba 2015, alisema wazi kwamba kiini cha biashara ya silaha za mauaji ni fedha.

Katika ukanda wetu, Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazihimiza nchi wanachama kuziondoa silaha zilizozidi mahitaji. Mwaka 2016, Kenya iliteketeza kwa moto silaha haramu zaidi ya 5,000 huko Ngong. Silaha hizo hazitauzwa tena kwa yeyote.

Kwa hiyo tunatoa rai: idara za dola ziziharibu silaha zilizostaafu badala ya kuziuza, na anayemiliki silaha kihalali aifungie na kuamua mapema nani ataipokea baada yake. Rahisi ghali, walisema wahenga. Na pale gharama inapokuwa uhai wa mtu, hakuna punguzo la bei linaloweza kuifidia.