Kadi mfukoni haitoshi: Mpime mkufunzi wa mbizi kabla hajakushusha kilindini

SEPTEMBA 29, 2019, gari liliteleza kutoka kwa feri kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, likazama na mama na bintiye. Nchi nzima ilikesha ikisubiri hadi Oktoba 11 lilipoopolewa. Siku zile wengi walifoka mitandaoni wakitaka kujua mbona wapiga mbizi wasishuke tu na kamba wakalifunga.

Jibu ni kwamba gari hilo lilikuwa limelala karibu mita 58 chini. Wale unaowaona Diani na Watamu wakishuka kutazama samaki na matumbawe, mwisho wao ni mita 40, na wengi hawafiki hata 30. Kutoka hapo kwenda chini ni kazi nyingine kabisa: mbizi za kiufundi. Na vijana wa Pwani wanaotaka kuifanya kazi hiyo, iwe ya uokoaji, ukarabati wa meli au utalii wa mabaki ya meli, wapo. Ikiwa wewe ni mmoja wao, soma hadi mwisho, maana uamuzi mkubwa utakaofanya si wa mtungi wala suti. Ni wa mtu atakayekufundisha.

Kwanza elewa kinachokungoja huko chini. Kila unaposhuka mita 10, presha inaongezeka kwa kiasi sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yako ukiwa ufuoni. Ukifika mita 58, inakukaba karibu mara saba ya kawaida. Kuanzia mita 30 hivi, nitrojeni iliyo kwenye hewa inaanza kukulewesha kama mtu aliyepiga chupa mbili tatu. Oksijeni nayo, hiyo hiyo inayokupa uhai, hugeuka sumu: oksijeni tupu ni salama hadi mita 6 tu, na ukiivuta chini zaidi unaweza kushikwa na degedege ukiwa majini. Ndiyo maana wanaoshuka sana huchanganya gesi na kuongeza heli.

Halafu huwezi kukurupuka kupanda. Lazima usimame kwenye vituo, dakika baada ya dakika, mwili utoe gesi ulizofyonza. Ukiruka vituo, gesi hiyo inatoka kwa mapovu ndani ya damu na viungo. Wapo waliopooza, na wapo waliokufa. Kwa ufupi, hata mambo yakienda mrama, njia ya kukimbilia juu imefungwa.

Sasa tatizo ndilo hili: mwanafunzi mgeni ndiye mtu asiyeweza kabisa kumpima mwalimu wake. Hujui usichokijua. Rafiki yako atakuambia mkufunzi fulani ni msee poa, mcheshi, na kozi iliisha haraka. Lakini huyo rafiki alifundishwa na mtu mmoja tu, na hana wa kumlinganisha naye. Aliyefundishwa vibaya na bahati ikamlinda atarudi akisifu.

Kadi je? Mashirika kama PADI, SSI, TDI na BSAC hutoa vyeti, na ni haki yako kuuliza nambari ya mkufunzi na kuhakikisha bado anaruhusiwa kufundisha. Angalia pia ngazi yake, kwa sababu anayeruhusiwa kufundisha wageni wa mita 18 hana ruhusa ya kukufunza mbizi za vituo. Ila kadi inathibitisha kwamba siku moja alifaulu mtihani. Haisemi yukoje leo.

Rekodi nazo zisikupumbaze. Sheck Exley wa Marekani alikuwa gwiji wa mbizi za mapangoni, na kitabu chake cha 1979 kilichambua ajali ili wengine wasife. Mwaka 1994 alifariki Mexico akijaribu kuvunja rekodi ya kina. Kama bahari haikumwogopa yeye, haitamwogopa anayejigamba kwako kwa picha za Instagram.

Basi pima vitu ambavyo hata mgeni anaviona. Mwombe mzamie pamoja mahali pafupi kwanza. Mkufunzi anayejiweza hutulia majini kama aliyelazwa kitandani: hapigi mikono, hatimui mchanga. Wanafunzi wake nao hufanya mazoezi wakielea, si wakipiga magoti chini. Akiwapigisha magoti kila siku, jiulize watafanya nini mahali ambapo chini hapaonekani.

Tazama anavyoshika mitungi. Je, anapima oksijeni ya kila mtungi na kukutaka uipime mwenyewe, kisha anaandika ubavuni kina cha mwisho? Mtungi wa oksijeni asilimia 50 hauvutwi chini ya mita 21 hivi. Anayesema "usijali, nimeujaza mimi", muage.

Muulize maswali makavu. Nikipoteza gesi ya kupandia nikiwa chini, tunafanyaje? Oksijeni ya dharura iko wapi kwenye boti? Chumba cha presha kilicho karibu kiko wapi, na kinafanya kazi leo? Mara ya mwisho alizamia lini kwa ajili yake mwenyewe, bila mwanafunzi? Anayejua kazi atajibu bila kukasirika, na pengine atafurahi umeuliza.

Na swali kuu: ni lini mara ya mwisho alimnyima mwanafunzi cheti? Kama kila aliyelipa amefaulu, huyo anauza kadi, hafundishi.

Tunajua utasema pesa ni ngumu. Ni kweli, kozi hizi ni ghali na kijana wa mtaani anatafuta afueni. Lakini mwalimu wa bei ya chini anayekupitisha kwa siku mbili anakuachia deni litakalodaiwa kilindini. Afadhali ukae mwaka mzima kwenye mita 30 ukijinoa na kuweka akiba.

Vituo vya mbizi navyo viache kuajiri kwa kuangalia kadi na bei. Mkufunzi apimwe majini kila mwaka mbele ya wenzake, na anayekataa kupimwa asikabidhiwe mtoto wa mtu. Na wewe unayeota kuwa mkufunzi, anza leo kuwa mtu anayeweza kumwambia mteja aliyekwisha lipa: bado hujawa tayari, rudi wiki ijayo.