Kuacha Kazi Uuze Chakula: Hasara Anaibeba Nani?

Mama anayelea watoto peke yake, akishachoka na ajira, hakosi mtu wa kumwambia: acha kazi, fungua biashara ya chakula, watu lazima wale. Jijini Dar es Salaam kauli hii imezoeleka, na ina ukweli wake. Watu lazima wale, ndiyo. Ila hakuna anayelazimika kula kwako, wala kulipa leo.

Tupige hesabu. Tuseme mama lishe anapika sahani 50 na kuuza kila moja kwa shilingi 2,500. Zikiisha zote, anakusanya 125,000. Mchele, maharage, nyama, mafuta, gesi, msaidizi na ushuru vikichukua 95,000, anabaki na 30,000. Kwa siku 26, hizo ni 780,000, fedha ambayo wafanyakazi wengi wa kipato cha chini hawaioni kwenye mshahara. Lakini mvua ikinyesha mchana zikabaki sahani nane tu, faida ya siku inashuka hadi 10,000. Hapo bado hatujagusa mafundi wanaokula kwa mkopo mpaka Jumamosi.

Kwenye nyumba yenye vipato viwili, wiki mbaya huzibwa na mshahara wa mwenza. Kwa mama anayelea peke yake, sufuria hiyohiyo ndiyo kodi, ada na matibabu. Mtoto akiugua, biashara inafungwa na matumizi yanapanda siku hiyohiyo. Anaanza kula mtaji, kisha anaingia kwenye mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu, na mwishowe anapika ili alipe marejesho.

Hata hivyo, si kila ajira inastahili kung'ang'aniwa. Ipo kazi inayomtoa mama nyumbani alfajiri na kumrudisha usiku, huku mshahara ukiishia kwenye nauli na kwa dada wa kazi. Kuiacha kazi ya namna hiyo ni busara. Lakini ajira rasmi hubeba mengi yasiyohesabiwa mwisho wa mwezi: likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, likizo ya ugonjwa, na michango ya hifadhi ya jamii inayofikia asilimia 20 ya mshahara, sehemu yake ikitoka kwa mwajiri. Tena fao la kukosa ajira halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Anayeandika barua ya kuacha kazi anaondoka bila kinga hiyo.

Ndiyo maana naona aanze angali analipwa mshahara. Apike vitumbua vya asubuhi, apokee oda za shughuli za mwisho wa wiki, na aipime biashara mpaka ipite Ramadhani, wateja wa mchana wanapopungua, na Januari, kila mzazi anapolipia shule. Ikiweza kulipa gharama zake pamoja na ujira wa mpishi mwenyewe, na kodi na ada ya muhula zikiwa zimewekwa kando ya mtaji, hapo aage kazini bila hofu.

Lakini uangalifu wake peke yake hautoshi. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake. Ni sera njema, ila msingi wake ni vikundi, na mama asiye na wa kumwachia watoto ndiye anayepata shida kuhudhuria vikao na kutafuta wa kudhaminiana naye. Tena mahali pa kuuzia napo si pa uhakika: mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo walipoondolewa kandokando ya barabara, mama lishe nao walihamishwa, ilhali fundi mwenye nusu saa ya kula hawezi kumfuata mpishi wake mbali.

Kubwa kuliko yote, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mama haki ya kudai matunzo ya mtoto kwa baba. Matunzo yakilipwa kila mwezi bila kukimbizana, nyumba hiyo inapata kipato cha pili, na mvua ya siku moja haitaweza kuifunga biashara. Tuache kumsifu mama kwa ushujaa wa kubeba hasara peke yake. Halmashauri zimkopeshe na kumwacha penye wateja, na mahakama zihakikishe baba analipa.