Kalamu ya Mgeni na Mabenchi Yetu



Juma hili naomba tutafakari juu ya kalamu. Mgeni mmoja kutoka Japani, aliyefika hapa Butiama kuzuru Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, alisali nasi Dominika iliyopita, kisha akapita ofisini kutia sahihi kitabu cha wageni. Alitoa mfukoni kalamu yake ya kujaza wino, nyeusi kama usiku, na ubavuni mwake korongo wawili wa dhahabu wakiruka. Nikamwuliza ni mashine gani iliyowachapa korongo hao. Akatabasamu, akanionyesha mkono wake. Nilielewa: ni kazi ya mkono wa mtu.

Weusi ule si rangi ya dukani. Ni utomvu wa mti ambao Wajapani huuita urushi, mti wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Ndiyo maana utomvu wake ukiwa mbichi hubabua ngozi, kama utomvu wa embe changa unavyobabua midomo ya watoto wetu. Mti hutunzwa miaka 10 hadi 15 kabla ya kuchanjwa gome lake, na kwa msimu mzima hutoa gramu 200 hivi tu, kiasi cha glasi moja.

Fundi hupaka tabaka jembamba, huliacha ligande, hulisugua, kisha hupaka jingine. Rangi tuzijuazo hukaushwa na jua; utomvu huu hugandishwa na hewa yenye unyevunyevu, ndani ya kabati lililofungwa. Kuuanika juani hakusaidii kitu. Baadaye fundi huchora korongo kwa utomvu uleule, na kabla haujaganda hunyunyiza juu yake unga wa dhahabu. Kazi hiyo huitwa maki-e, yaani picha ya kunyunyiza. Katika mtindo mmojawapo picha yote hufunikwa tena kwa tabaka jeusi, na fundi hulisugua taratibu kwa mkaa mpaka dhahabu itokeze. Akisugua pungufu, korongo hawaonekani. Akizidisha, dhahabu yaondoka. Kalamu moja ya namna hiyo huweza kuchukua miezi.

Ufundi huu ni wa kale kuliko kalamu zenyewe. Baada ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri kufika Kagoshima mwaka 1549, mafundi wa Japani waliutumia kupamba visanduku vya kuhifadhia Hostia na vibao vya kuwekea kitabu cha Misa. Kwenye kalamu uliingia katika miaka ya 1920, kwa kazi ya kampuni iliyoanzishwa na Ryosuke Namiki mwaka 1918, ambayo leo twaijua kwa jina la Pilot. Kalamu za wakati ule zilitengenezwa kwa mpira mgumu uliopauka kadiri ya miaka, na urushi uliuzuia usipauke. Miongoni mwa mafundi wake alikuwapo Gonroku Matsuda, ambaye mwaka 1955 taifa la Japani lilimtambua kuwa hazina hai ya taifa. Mwaka huohuo Papa Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi.

Huenda mmoja wenu atauliza: Padre, kalamu ya matajiri yatuhusu nini sisi wakulima wa mihogo na mtama? Swali ni la haki. Siisifu bei yake. Lakini ilipoondoka ofisini mwangu, ilinikumbusha dhambi niliyokuwa nimeinyamazia, nami naiungama mbele yenu.

Mwaka jana, kabla ya sikukuu ya somo wa parokia yetu, tuliagiza mabenchi 20 mapya. Fundi seremala aliziona mbao, akaniambia, “Baba Padre, hizi bado mbichi. Nipe miezi mitatu zikauke.” Mimi nikampa wiki tatu. Nilitaka wageni waone kanisa linang'aa. Akatii, akapiga vanishi, nasi tukapiga vigelegele. Masika yalipopita, mabenchi yalianza kupinda na kupasuka. Mkasema fundi ametudanganya, na sehemu ya mwisho ya ujira wake ikazuiwa. Mlisema hivyo kwa kuwa hamkujua. Mimi nilijua, nikakaa kimya.

Mama Kanisa hufundisha kwamba kumdhulumu mfanyakazi ujira wake ni mojawapo ya dhambi zinazoulilia mbingu kisasi. Mtume Yakobo alilisema hilo kwa ukali katika sura ya tano ya waraka wake. Hatusamehewi eti kwa sababu tulioshiriki ni wengi, wala kwa sababu fedha ni za kanisa.

Maoni yangu, wapendwa, ni haya: sisi hatukosi mafundi, twakosa subira na heshima kwao. Twamharakisha fundi, twapunja ujira wake, kisha twaishangaa kazi ya Wajapani. Mzazi humtangaza mwanawe aliye chuo kikuu, lakini aliye chuo cha ufundi humtaja kwa sauti ya chini. Jirani yetu Mwalimu Nyerere alituonya mapema, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, juu ya elimu inayomfanya kijana aidharau kazi ya mikono. Mwana wa Mungu mwenyewe alijulikana Nazareti kama seremala, na Bezaleli alijazwa roho ya Mungu ili achonge na kupamba.

Kwa hiyo nimeiomba Halmashauri ya Walei fundi wetu alipwe salio lake lote kabla ya Dominika ijayo. Gharama ya kutengeneza upya mabenchi yaliyopasuka isitoke kwake. Sehemu yangu nitaitoa mfukoni mwangu. Nimekwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Alinisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Safari hii, Baba, mbao zitakauka?”

Nikamjibu kwamba zitakauka. Nawaomba mnisaidie kulitimiza neno hilo.



Paroko wenu