Walijuaje Kwamba Ndilo Fuvu la Mkwawa?

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijawa mkufunzi, nilikuwa nikifundisha historia katika darasa la sita la shule moja ya msingi huku Ugogo. Somo la siku ile lilihusu wazee wetu waliopinga utawala wa Wajerumani. Nilipofika mahali pa kueleza jinsi fuvu la Mtwa Mkwawa lilivyorudishwa kutoka Ujerumani, mvulana mmoja aliyeketi nyuma alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, mafuvu yote yanafanana. Walijuaje kwamba lile ndilo lake?" Darasa zima likacheka. Nami, kwa kuwa sikuwa na jibu, nilimwamuru akae chini, nikasema kwamba kitabu ndivyo kisemavyo. Mtoto akakaa. Mwaka ule wote hakuniuliza tena swali lolote.

Ndugu mwanachuo, kosa lile lilikuwa langu, na naliungama hapa ili wewe usilirudie utakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Swali la mtoto yule ndilo lililokuwa somo lenyewe. Maoni yangu katika makala haya ni kwamba habari ya fuvu la Mkwawa yafaa ifundishwe katika shule za msingi kama swali la kupima ushahidi, wala isifundishwe kama sentensi ya kukaririwa.

Kwanza tuyatazame yale tuliyo na hakika nayo. Tarehe 17 Agosti 1891, majeshi ya Wahehe yalikishinda kikosi cha Wajerumani huko Lugalo, na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa. Mwezi Oktoba 1894 Wajerumani waliivunja ngome ya Kalenga, lakini Mkwawa aliendelea kupigana kwa kuvizia kwa karibu miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898, alipozingirwa na kuona hana njia, alijipiga risasi ili asitekwe. Kichwa chake kilikatwa kikachukuliwa na Wajerumani. Kiwiliwili kikazikwa Mlambalasi, katika wilaya ya Iringa.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, fuvu hilo lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Kifungu cha 246 kiliiamuru Ujerumani ilikabidhi kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Halikukabidhiwa. Ndipo mwaka 1953 Gavana Edward Twining alipokwenda mwenyewe katika jumba la makumbusho la mji wa Bremen. Humo mlikuwa na mafuvu yapatayo 2,000, na kati ya hayo 84 yalitoka katika koloni la zamani la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yalitengwa yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya vichwa vya jamaa za Mkwawa, na miongoni mwa hayo likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu hilo lilikabidhiwa huko Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Likawekwa katika jumba la kumbukumbu hapo Kalenga.

Sasa tuupime ushahidi huo. Kipimo kilichotumika ni uwiano wa upana wa fuvu kwa urefu wake: upana hugawanywa kwa urefu, kisha huzidishwa kwa 100. Jibu lililotafutwa lilikuwa 71 hivi. Tufanye hesabu. Fuvu lenye urefu wa milimita 190 na upana wa milimita 135 hutoa 71. Fuvu dogo zaidi, lenye urefu wa milimita 180 na upana wa milimita 128, nalo hutoa 71. Basi kipimo hiki hakitofautishi hata kichwa kikubwa na kidogo, sembuse mtu na mtu. Isitoshe, watu wengi wa Afrika Mashariki wana uwiano ulio karibu na huo. Tundu la risasi linaongeza uzito, hilo nakiri, kwa maana dalili mbili ni bora kuliko moja. Hata hivyo katika vita vya miaka ile, mpaka Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, watu waliouawa kwa risasi walikuwa wengi mno.

Tena kuna jambo zito kuliko yote mawili. Njia ya kuchagua fuvu linalofaa zaidi kati ya 84 yaweza kufaulu tu iwapo fuvu linalotafutwa limo miongoni mwa hayo 84. Kama halimo, tutapata lililo karibu, lakini halitakuwa lenyewe. Ndiyo maana wanahistoria kadhaa waliolichunguza jambo hili katika miaka ya karibuni wameonyesha mashaka.

Tulinganishe na mifano miwili. Huko Leicester, Uingereza, mwaka 2012 ilifukuliwa mifupa chini ya maegesho ya magari. Ilisemwa kuwa ya Mfalme Richard wa Tatu, aliyeuawa vitani mwaka 1485 akiwa na umri wa miaka 32. Wataalamu hawakuridhika na dalili moja. Walitazama umri wa mifupa kwa upimaji wa kaboni, uti wa mgongo uliopinda, majeraha ya vita, na vinasaba vya watu walio hai wa ukoo wa dada yake kwa upande wa kike. Dalili hizo zilipokutana mahali pamoja, ndipo walipotamka.

Mfano wa pili ni wa kwetu. Mangi Meli wa Moshi ya Kale alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900, na wazao wake wamekitafuta kichwa chake kwa muda mrefu. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 yaliyotoka Afrika Mashariki. Vinasaba viliwezesha kupatikana kwa jamaa walio hai wa baadhi ya marehemu hao. Mmoja wao alikuwa Akida, mshauri wa Mangi Meli: jina lilikuwa limeandikwa juu ya fuvu, na vinasaba vikaafikiana na vya wazao wake. Fuvu la Mangi Meli mwenyewe halikuonekana katika matokeo hayo. Hapa wataalamu hawakumpa Mangi Meli fuvu la mtu mwingine ili kuwafurahisha wazao wake. Walisema lililopatikana, wakanyamaza kwa lisilopatikana.

Mambo haya yaingieje darasani? Nashauri usipime vichwa vya watoto. Upimaji wa mafuvu uliwahi kutumiwa na wakoloni kuwapanga binadamu kwa madaraja, na hatuna haja ya kuurudisha darasani. Tumia nyayo, udongo wa Dodoma hautatunyima zana hiyo. Kabla ya kipindi, mwombe mwanafunzi mmoja aache unyayo wake kwenye vumbi karibu na bustani ya shule. Mwambie asimwambie mtu. Darasa lipime urefu wa unyayo huo kwa rula, kisha kila mmoja apime wa kwake. Katika darasa la watoto 60 utashangaa ni wangapi watakaolingana. Uliza: "Je, wote hawa walipita bustanini?" Watacheka, lakini watakuwa wamekwisha kujifunza kwamba kulingana siyo kuwa yule yule. Kisha waulize ni dalili gani nyingine ingesaidia: kovu la kisigino, alama ya kandambili, au shahidi aliyeona. Hatimaye waambie kwamba huenda aliyeacha unyayo ni mtu wa darasa jingine, na uwaache wafikiri.

Ndipo usimulie habari ya Mkwawa. Gawa ubao katika sehemu tatu: "Tuna hakika", "Yaelekea", na "Bado haijathibitika". Wanafunzi waweke kila jambo mahali pake, na kila mmoja aeleze sababu. Hesabu ya uwiano yaweza kufanywa katika kipindi cha hisabati siku hiyo hiyo.

Wenzangu wawili walinipinga nilipowaeleza mpango huu. Mmoja alisema watoto wa darasa la sita ni wadogo mno. Nami namjibu kwamba aliyeniuliza swali lile alikuwa mtoto wa darasa la sita. Wa pili alisema tutamvunjia heshima shujaa wetu. Pingamizi hili ni zito, nami silipuuzi. Lakini Lugalo haitegemei fuvu, wala miaka minne ya kuvizia, wala uamuzi wa Mlambalasi. Ushujaa wa Mkwawa umesimama kwa miguu yake. Tena tufikiri: ikiwa fuvu lile silo, basi kichwa cha Mkwawa kingali ugenini, na mtu mwingine, mwenye mama yake na ukoo wake, amelala Kalenga kwa jina lisilo lake. Heshima kwa wote wawili ni kuuliza. Kama mifupa ile ipimwe vinasaba au isipimwe, huo ni uamuzi wa ukoo wake. Kazi yetu walimu ni kulilinda swali lisizimwe.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zetu zikuze akili ya kudadisi. Akili hiyo mara nyingi hukaa dawati la nyuma, nayo hunyosha mkono mara moja tu. Ukiuona mkono huo, ndugu mwanachuo, nawe huna jibu, sema: "Sijui, tutafute pamoja." Mimi sikusema hivyo, na hadi leo najuta.