Wanaolima chai nao wajue kuichagua

Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Nimeikumbuka methali hii mara nyingi tangu siku ile mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa mkulima wa chai katika Kaunti ya Bomet, aliponiuliza swali darasani likanishinda. Alikuwa ameona gunia la chai kavu lililoandikwa PF1 ubavuni. "Mwalimu," akasema, "PF1 maana yake nini, nayo ni chai nzuri au mbaya?" Nilimwambia ningemjibu kesho yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekunywa chai kila siku ya maisha yangu, na karo yangu ya shule ililipwa kwa bonasi yake, lakini jibu sikuwa nalo.

Katika nchi kama Uingereza na Australia, magazeti huwa na mwandishi ambaye kazi yake ni kumshauri msomaji kuhusu mvinyo. Humwambia kwamba chupa hii ya Bonde la Barossa yafaa kwa nyama ya kuchoma, ile ni ya bei nafuu na haimwaibishi mtu mbele ya wageni, na ile nyingine aiweke hadi siku ya harusi. Sina nia ya kumfundisha mwanafunzi yeyote kunywa mvinyo. Ninachokionea wivu ni kule kujua. Watu wa Barossa wanalima zabibu, na pia wanajua kuonja kinachotoka humo. Sisi wa Kericho na Bomet tunalima chai inayosifiwa duniani, kisha tukiingia dukani twaokota pakiti yoyote iliyo karibu na mkono.

Basi leo nitafanya kazi ya mwandishi yule wa mvinyo, ila kwa chai yetu.

Tuanze na swali la mwanafunzi wangu. Majani mabichi yakifika kiwandani, kiwe Litein, Kapkoros, Mogogosiek au kwingineko, hunyaushwa kwa saa nyingi, hukatwakatwa na kuviringwa kwa mashine, huachwa yageuke rangi kwa kukutana na hewa, kisha hukaushwa. Hatimaye chai hupitishwa kwenye nyungo za chuma zenye matundu ya ukubwa tofauti. Hapo ndipo madaraja yanapozaliwa. BP1 ni chembe kubwa, PF1 ni ndogo kidogo, PD ni ndogo zaidi, na D1 ni laini kama unga wa kahawa. Hayo manne ndiyo madaraja ya kwanza. Chini yake kuna madaraja ya pili, ambayo yana nyuzinyuzi na mabua mengi zaidi.

Kwa hiyo PF1 ni kipimo cha ukubwa wa chembe tu. Hakisemi kama chai ni nzuri au mbaya. Chembe kubwa hutoa rangi polepole na ladha yake huwa nyororo. Chembe ndogo hutoa rangi upesi na kwa nguvu. Wengi huidharau ile iitwayo vumbi wakidhani ni takataka za sakafuni. La hasha! D1 ya kiwanda kizuri hupita kwa mbali BP1 ya kiwanda kizembe. Uzuri wa chai hutokana na jinsi majani yalivyochumwa, yaani majani mawili na kichipukizi, na jinsi yalivyoshughulikiwa kabla na baada ya kufika kiwandani.

Pakiti nyingi madukani hazitaji daraja. Mnunuzi afanyeje? Amwage kijiko kimoja juu ya karatasi nyeupe. Chai nzuri ina chembe zinazolingana, nyeusi, zenye mng'ao kidogo. Nyuzi nyekundunyekundu zikiwa nyingi, hiyo ni ya daraja la pili na bei yake haina budi kuwa ya chini. Aifikiche kwa vidole: iliyo kavu sawasawa huvunjika, iliyopata unyevu hupindika. Ainuse pia, kwa kuwa chai hunyonya harufu upesi mno, na pakiti iliyowekwa karibu na sabuni au mafuta ya taa haifai hata ikitolewa bure. Tena ajihadhari na chai ya kupimwa isiyo na jina wala tarehe. Anyunyize chembe chache juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa kwa maji baridi. Doa jekundu likitokea papo hapo, yamkini imetiwa rangi.

Kuhusu bei, nawaomba walimu wa hesabu wanisaidie. Kikombe kimoja huhitaji takriban gramu mbili za majani, yaani kijiko kidogo kimoja. Pakiti ya gramu 50 ni vikombe 25, na ya gramu 250 ni vikombe 125. Gawanya bei kwa idadi ya vikombe, na hapo ndipo utakapojua kipi ni rahisi na kipi ni ghali. Mara nyingi utagundua kwamba pakiti ndogo, inayoonekana nafuu kwa mwenye sarafu chache, ndiyo inayomgharimu zaidi kwa kila kikombe. Vifuko vya karatasi navyo, vile vya kutumbukizwa kikombeni, hubeba gramu mbili kila kimoja, na ndani yake aghalabu mna chembe laini zilezile za madaraja ya chini kwa ukubwa. Tofauti ya bei unalipia karatasi, uzi na sanduku.

Sasa tuzitazame hafla zenyewe, moja baada ya nyingine.

Mwanafunzi wa bwenini au wa chuo, ambaye maziwa kwake ni anasa, namshauri anunue chai laini, ya PD au D1. Hutoa rangi na nguvu kwa muda mfupi, hivyo maji ya moto ya jikoni yanamtosha bila kuhitaji jiko. Washirikiane watano wanunue pakiti kubwa na kugawana. Ila asiinywe usiku wa manane akitumaini kwamba usingizi utamwacha asome. Utamwacha kweli, kisha umrudie kesho yake katikati ya mtihani.

Chumba cha walimu ni hadithi nyingine. Chai ya saa nne ndiyo inayoshikilia shule nyingi zisianguke, nayo hupikwa kwa maziwa. Hapa PF1 haina mshindani, maana nguvu yake hustahimili maziwa na ladha yake haipotei. Walimu 25, kikombe kimoja kila mmoja kwa siku tano, ni vikombe 125. Pakiti moja ya gramu 250, basi, yatosha wiki nzima. Shule inayomaliza pakiti mbili au tatu kwa wiki ama inapika vibaya, ama pakiti zina miguu. Mpishi achemshe maji kwanza, atie majani, ayaache dakika tatu au nne, kisha atie maziwa. Kuyatokosa majani nusu saa ndani ya maziwa huleta uchungu, na uchungu huita sukari, na sukari ni fedha.

Katika koito, siku wazee wa pande mbili wanapoketi kupatana juu ya mahari, mursik hutangulia, na hapo chai haina la kusema. Lakini baada ya mazungumzo marefu, chai ya maziwa lazima izunguke. Nimewaona watu wakinunua visanduku vya kupendeza vyenye maandishi ya dhahabu, kisha wakavimimina vyote ndani ya sufuria moja kubwa iliyojaa maziwa, ambamo hapana mzee atakayejua kilichotoka kwenye sanduku lipi. Huo ni ubadhirifu mtupu. Nunua PF1 ya kawaida iliyo mpya, na fedha utakazookoa ziongeze maziwa. Wazee watakumbuka uzito wa chai, sanduku hawakuliona.

Matangani, ambako watu huja mamia na sufuria haishuki jikoni, tumia D1. Kiasi kidogo hutoa rangi ya kutosha vikombe vingi, na familia iliyofiwa haipaswi kuongezewa gharama.

Mgeni wa heshima anapokuja wachache wakiwepo, hapo ndipo mtu anaweza kufungua mkoba. Itafutwe chai isiyokatwakatwa, ile ambayo jani lake limesokotwa likabaki karibu zima. Hiyo huwekwa kwenye birika, humiminiwa maji yaliyochemka, hungojwa dakika tano, na hunywewa bila maziwa. Au ipatikane chai ya zambarau, mmea uliozaliwa papa hapa petu: aina ya TRFK 306 ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 na taasisi ya utafiti wa chai iliyoko Kericho. Mwalimu wa kemia aijaribu darasani. Akikamulia limau ndani ya kikombe, rangi itageuka na kuelekea wekundu, na somo la asidi litakuwa limeeleweka bila chaki.

Kwa mwenye kipato kidogo kuliko wote, ushauri wangu ni mmoja: ikiwa kiwanda cha chai ki karibu nawe na kinauza langoni, nunua huko. Utapata chai ambayo haijakaa miezi ghalani. Na mzazi yeyote asiwape watoto chai pamoja na maharagwe au mboga za majani. Angoje saa moja hivi, kwa maana chai huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika vyakula hivyo.

Huenda msomaji akaniambia: chai ni chai, na sisi tuna mambo makubwa zaidi ya kutushughulisha. Bei ya mbolea iko juu, mvua ya mawe inatwanga mashamba, na mwaka 2025 wakulima wengi wa huku kwetu walipiga kelele kwamba bonasi yao ilikuwa chini mno ya ile ya wenzao wa mashariki mwa Bonde la Ufa. Mambo ya madaraja yatamsaidia nani?

Yatamsaidia mkulima huyohuyo. Tangu mwaka 1969 chai yetu imekuwa ikiuzwa kwa mnada mjini Mombasa. Kabla ya bei kutajwa, waonjaji wa madalali na wa wanunuzi hupanga vikombe mezani, hupima majani, humimina maji, hutazama rangi, hunusa, huonja na kutema. Kwa sekunde chache hizo jasho la mwaka mzima la mchumaji wa Konoin au Belgut hupewa thamani. Mkulima hayupo. Na hata angalikuwapo, angalisema nini? Anajua uzito wa kapu lake, lakini ladha ya chai yake hajaambiwa kamwe. Kelele za bonasi zina haki yake. Usimamizi mbaya upo, na gharama zisizoelezeka zipo. Lakini kiongozi wa kiwanda akimwambia mkulima kwamba "ubora ulikuwa duni", mkulima huyo atakubali kama kondoo au atapinga kwa hasira tu, maana hana kipimo chake mwenyewe. Anayeuza kitu asichokijua ladha huuza kwa ulimi wa mnunuzi.

Chai ilipandwa mara ya kwanza nchini mwaka 1903 huko Limuru, na katika miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikafungua mashamba makubwa ya Kericho. Mashamba hayo yalihitaji mikono yetu; ndimi zetu hazikuulizwa. Wakulima wadogo walipoanza kupanda yao, na mamlaka ya KTDA ikaundwa mwaka 1964, tulipata mashamba na baadaye viwanda. Ujuzi wa kuonja ukabaki mezani Mombasa na ng'ambo. Leo Kenya huuza nje chai nyeusi nyingi kuliko nchi yoyote duniani, na mtoto wa Kericho bado hajui PF1 ni nini.

Hilo halihitaji fedha za wafadhili. Mwalimu wa shule yoyote iliyo karibu na kiwanda aombe kijiko kimoja kimoja cha kila daraja. Taratibu ya kimataifa ya kuandaa chai ya kuonjwa ni nyepesi: gramu mbili kwa kila mililita mia moja za maji yanayochemka, kwa dakika sita. Vikombe vyeupe vinne, mizani ya maabara na birika moja vinatosha. Wanafunzi waonje, waandike, wabishane. Wa biashara wapige hesabu ya bei kwa kikombe. Wa jiografia waeleze kwa nini majira ya baridi, mmea unapokua polepole, huleta ladha nzito zaidi. Wakirudi nyumbani watamweleza mzazi kwa nini jani lililokomaa na bua refu kapuni linamgharimu.

Mimi nilimjibu mwanafunzi wangu kesho yake, baada ya kwenda kumwuliza fundi wa kiwandani. Nilibeba madaraja manne ndani ya karatasi. Tulichemsha maji kwenye maabara, na darasa zima likaonja. Yule aliyeuliza alichagua kikombe cha tatu, akasema kina nguvu lakini hakikwaruzi koo. Kisha akaniuliza swali la pili, ambalo nalipeleka kwa wakurugenzi wa viwanda vyetu vyote kwa kuwa mimi sina mamlaka ya kulijibu: "Mwalimu, hiki ni chetu. Mbona nyumbani hatujawahi kukinywa?"